Zohali Katika Duara la Saba

Jumatano, Machi. Mvua tangu alfajiri, bila kupumzika.

Leo sina neno la kufundisha. Wanaoufuata ukurasa huu wamezoea kunikuta nikisahihisha: neno hili lilitoka wapi, nani ameliharibu, kwa nini tunasema hivi na si vile. Leo anayestahili kusahihishwa ni mimi, na mtu aliyekuwa na haki ya kunisahihisha yuko kaburini.

Nimekaa sebuleni kwangu, hapa Viwanja Sitini, Ifakara, katika bonde la Kilombero. Maji yamesimama uani hadi ngazi ya kwanza. Magoti yanauma, kama yanavyouma kila masika. Niandike haraka, kabla sijaanza kujihurumia nikaacha.

Jambo lilianza kwa swali. Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliniandikia. Alitaka kujua sayari yenye pete, ile ambayo kila mtoto hupenda kuichora, inaitwaje kwa Kiswahili. Je, ni Sarateni au ni Zohali? Ameona huku hivi na kule vile.

Nilifurahi. Nakiri kwamba nilifurahi kwa kiburi. Nilifundisha Kiswahili na Jiografia katika shule ya msingi kwa miaka thelathini na sita, na orodha ya sayari naijua kama ninavyoijua Salamu Maria. Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Tisa, kwa mpangilio, kuanzia iliyo karibu na Jua. Yenye pete ni ya sita, na ya sita ni Sarateni.

Nikaandika jibu refu. Nilianza na maana ya maneno, kama ilivyo desturi yangu. Kwamba sayari si nyota, kwa kuwa nyota huwaka yenyewe na sayari humulikwa. Kwamba mwezi si jina la huu wetu peke yake. Kila gimba linaloizunguka sayari ni mwezi, na ziko sayari zenye miezi mingi. Kwamba kimondo si nyota iliyoanguka, maana nyota hazianguki. Kwamba Utaridi, ile ya tisa, wataalamu wameishusha cheo na sasa huitwa sayari kibete: ni mviringo, inalizunguka Jua, lakini njia inayopita imejaa magimba mengine ambayo haikuweza kuyaondoa.

Niliandika hayo yote bila kufuta neno.

Kisha, kwa ajili ya adabu tu, nikafungua kamusi. Kamusi mbili zikanipa majibu mawili. Sikuchapisha. Siku ya tatu nikaenda kwa mwalimu wa madrasa iliyo karibu na soko, kijana mpole aliyesoma Kiarabu miaka mingi, nikamwomba anisomee majina hayo yalikotoka.

Alinisomea taratibu, kama daktari anayempa mgonjwa majibu ya kipimo. Zohali ndiyo ya sita, yenye pete, ya mwisho kati ya zile zinazoonekana kwa macho. Utaridi si ile ndogo ya mbali. Ndiyo iliyo karibu na Jua kuliko zote. Kausi si sayari, ni upinde, jina la kundi la nyota. Sarateni si sayari, ni kaa, nalo ni kundi la nyota. Nikamuuliza kuhusu Zebaki. Akacheka kidogo, akasema hilo ni jina la madini, mwalimu, yale yaliyomo ndani ya kipimajoto.

Nilirudi nyumbani nikaweka karatasi mezani, nikaona jinsi jambo lilivyotendeka. Wazee wa Pwani walikuwa na majina matano ya sayari, kwa sababu sayari tano ndizo walizoziona kwa macho yao. Kisha shule ikaja na sayari nane za kutafutiwa majina, ukiiacha Dunia. Yamepungua matatu. Mtu fulani, ofisini fulani, mwenye haraka, akakopa majina mawili kwenye makundi ya nyota na moja kwenye madini, akayapanga upya yote, na majina ya kale yakasukumwa mbali na vitu vyake. Zohali ikasogezwa kutoka ya sita hadi ya saba, ikawa jina la gimba ambalo wazee hawakupata kuliona. Utaridi ikatupwa mwisho wa foleni. Yakapigwa chapa, yakaletwa Ifakara katika maboksi, na mimi nikayapokea.

Kosa halikuanza kwangu. Hilo ningeweza kujifariji nalo. Lakini yule mtu wa ofisini alikosea kwenye karatasi, na mimi nilikosea mbele ya uso wa mtoto, kisha mbele ya uso wa baba yake.

Sijawahi kuliandika hili popote.

Nilikuwa na mtindo wangu wa kufundisha sayari, ambao wakaguzi waliusifu. Nilichora kwa chokaa maduara tisa katika uwanja wa shule, moja ndani ya jingine, na katikati nikaweka ndoo iliyogeuzwa, ndiyo Jua. Wanafunzi tisa wa darasa la sita nikawapa majina, kila mmoja akasimama kwenye duara lake na kuzunguka. Waliobaki waliimba orodha.

Mwaka mmoja Zohali nilimpa Mwanahawa, binti wa Mzee Mwinjuma, mwenye duka la vitambaa na viungo kule Kibaoni. Mzee Mwinjuma alikuja bondeni kutoka Pwani akiwa kijana, akaoa hapa, akabaki. Binti yake alikuwa mtoto mwenye akili, mkimya, ambaye hakuwahi kunipa sababu ya kuinua sauti. Nilimweka duara la saba. Nilipogeuka kumrekebisha Mirihi, ambaye alikuwa anakimbia, nikamkuta Mwanahawa amesimama duara la sita, amemsukuma Sarateni pembeni.

Nikamwambia arudi. Akasema, kwa heshima, mikono nyuma:

"Mwalimu, baba anasema Zohali ndiye wa mwisho tunayemwona. Huku nyuma yake hatuoni mtu. Na anakwenda polepole kuliko wote."

Nakumbuka kilichonikera kwanza: alimtaja Zohali kama mtu, ndiye na tunayemwona, badala ya kusema ndiyo na tunayoiona. Nikalisahihisha hilo kabla ya yote. Kisha nikamuuliza, mbele ya darasa zima:

"Baba yako anafundisha shule gani?"

Darasa likacheka. Nililiacha licheke. Ningeweza kulinyamazisha kwa jicho moja tu, sikufanya hivyo.

Nikamrudisha duara la saba, na jioni akabaki darasani kuandika mara mia moja kwamba Zohali ni sayari ya saba na haionekani kwa macho bila darubini. Aliandika kwa mwandiko mzuri. Niliukagua mstari kwa mstari na kutia alama ya vema chini.

Siku ya pili yake Mzee Mwinjuma alikuja ofisini. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka isiyopungua ishirini, na nilipaswa kusimama na kumwamkia. Nilimwambia "Karibu" nikiwa nimekaa. Alikuwa amebeba daftari kubwa, limefungwa kwa kitambaa cha kijani. Alilifungua mezani pangu kwa mikono miwili. Niliona mistari ya herufi za Kiarabu, maduara, na pembeni tarehe nyingi sana, kwa kalamu za rangi tofauti tofauti. Akasema nusu ya mwanzo aliinakili kutoka kwa babu yake, na nusu ya pili ni yake mwenyewe, tangu alipofika Ifakara: wapi kila nyota na kila sayari ilikuwa, mwaka hadi mwaka, na bondeni kulikuwa na nini wakati huo, mbegu za mpunga zilipomwagwa, mto ulipopanda.

"Sikuja kugombana, mwalimu," akasema. "Nimekuja tulinganishe tu. Huenda kitabu chako kina jambo ambalo mimi sina."

Sikutazama ukurasa wa pili. Nilimjibu:

"Hapa tunafundisha elimu, mzee. Hatufundishi ramli."

 Kisha akalifunga daftari, akakunja pembe za kitambaa moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Haya, mwalimu. Chaki iko mkononi mwako."

Aliondoka. Baada ya hapo nilinunua kwake vitambaa kwa miaka mingi. Alinikatia kwa haki, akaniongezea inchi mbili tatu kama alivyowaongezea wengine, akaniuliza habari za nyumbani. Hakulitaja tena. Nilidhani amekubali.

Jana alasiri nilichukua bajaji nikaenda Kibaoni. Nilikwenda kwa mambo mawili: kumwomba Mwanahawa radhi, na kumwomba daftari. Nimwambie ukweli msomaji, la pili ndilo lililonitoa nyumbani na mvua ile. Nilikuwa nimeshapanga. Mwalimu wa madrasa angenisomea, mimi ningeandika hapa ukurasa baada ya ukurasa, majina ya sayari kwa maana zake za kweli, na juu ya kila ukurasa ningetaja kwamba aliyefundisha ni Mzee Mwinjuma wa Kibaoni. Niliamini kwamba kwa njia hiyo kosa lingerudi nyuma hadi mwanzo na kufutika, kama unavyofuta ubao.

Mwanahawa ndiye mwenye duka sasa. Ni mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, mnene kidogo, mcheshi kuliko alivyokuwa utotoni. Kwenye baraza lake hukaa fundi cherehani, Bene, ambaye naye nilimfundisha, darasa moja nyuma yake.

"Shikamoo mwalimu," wakasema kwa pamoja, wakasimama wote wawili. Nikaitikia.

"Leo kuna jambo," Mwanahawa akasema. "Mwalimu na mvua hii? Au umekuja kudai kitenge ulichosahau?"

"Kaa vizuri, dada, tumekaguliwa," Bene akamwambia. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, ile kalamu nyekundu bado unayo?"

Nikasema wino umekwisha. Wakacheka sana, kwa kuwa hawajazoea kunisikia nikitania. Sikuwa natania.

Nilipewa kiti na chai ya tangawizi. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia pale ambapo mwalimu huanzia siku zote: nikauliza swali. Nikamuuliza Mwanahawa kama anazikumbuka sayari.

Alikuwa anapima mchele. Akaweka kibaba chini, akafuta mikono kwenye kanga, akafunga macho. Zebaki, Zuhura, Dunia. Kwenye Mirihi Bene akadakia, mguu wake ukipiga mapigo kwenye kanyagio la cherehani. Mshtarii, Sarateni, Zohali. Waliimba kwa lafudhi yangu, na kupumzika pale nilipokuwa nikipumzika. Kausi. Utaridi.

"Siku hizi Utaridi wameifukuza," Bene akasema. "Nilisikia redioni."

"Hawakuifukuza, wameishusha," nikamsahihisha, kabla sijafikiri.

Hata pale. Hata kwa jambo lile nililoliendea.

"Unaona?" Mwanahawa akasema, bado anacheka. "Ulichokitia kichwani wewe, mwalimu, hakitoki. Mimi hata wanangu wote wanne nimewafundisha hivyohivyo, kabla hata hawajaanza shule."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema Zohali ni ya sita, ndiyo yenye pete, inaonekana kwa macho, na orodha niliyowapa haikuwa sahihi. Nilisema siku ile uwanjani yeye alisimama pale palipo sahihi, na mimi nikamwondoa. Nilisema baba yake alikuja kwangu na ushahidi mkononi nikakataa kuutazama.

Bene akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Sasa si ungeliacha tu, mwalimu?" Bene akasema polepole, wala si kwa ubaya. "Sisi tumeshazoea ile yetu. Ukiiondoa, unatuachia nini?"

"Bene," Mwanahawa akasema, "nenda kanywe chai kwa mama ntilie."

"Mvua hii?"

"Nenda."

Akajifunika nailoni kichwani, akavuka barabara. Mwanahawa akakaa juu ya gunia la mchele, akawa haniangalii mimi, anaangalia matone yanayoanguka kutoka kwenye bati.

Alinieleza mambo ambayo sikuyajua. Kwamba hadi siku ile ya maduara, kila baada ya magharibi baba yake alikuwa akitandika mkeka uani, nao wawili wakitazama juu, na yeye akiuliza na baba akijibu. Kwamba daftari alikuwa ameanza kufundishwa kulisoma. Kwamba jioni aliyoandika mistari mia alirudi nyumbani, baba akamwita mkekani, naye akamwambia:

"Wewe hujasoma, baba. Umenifanya nichekwe na watu bure."

Mzee alimwita tena jioni ya pili, na ya tatu. Ya nne hakumwita. Alikaa mkekani peke yake, akaandika peke yake, miaka yote iliyobaki.

"Lakini si hilo, mwalimu," Mwanahawa akasema. "Hilo ni utoto. Watoto husema."

Kisha akanieleza lililo hasa. Alipokuwa mdogo baba yake alimwambia kwamba usiku aliozaliwa, Zohali alikuwa mahali fulani katika nyota, na kwa kuwa Zohali hukokota miguu, angechukua karibu miaka thelathini kuzunguka na kurudi palepale. "Atakaporudi," alimwambia, "utakuwa mwanamke mzima, na mimi, Mungu akinipa umri, nitakuonyesha." Alikuwa ameliandika hilo daftarini, usiku wa kwanza.

Na Mungu alimpa umri. Mwanahawa alikuwa na miaka ishirini na tisa, ana mtoto mgongoni, anafunga duka. Mzee akaja kutoka uani na fimbo yake. Hakuwa amemwita kwa miaka kumi na saba. Akasema, "Mwanangu, njoo. Zohali amerudi ulipozaliwa. Yule pale, juu ya paa la jirani."

"Nikamwambia, baba, Zohali haionekani kwa macho. Tulifundishwa."

Mwanahawa akaokota punje ya mchele sakafuni.

"Hata kichwa sikuinua, mwalimu. Nilikuwa nafunga kufuli."

Mzee alisimama kidogo, akasema "Sawa, mama," akarudi uani. Alifariki miaka michache baadaye.

Haionekani kwa macho bila darubini. Mara mia moja, kwa mwandiko mzuri. Mimi ndiye niliyetia alama ya vema.

Nilimwomba radhi. Nilitumia maneno yote niliyonayo, na ninayo mengi. Hakukataa radhi wala hakuipokea. Alisema tu, "Kwa hiyo alikuwa ananionyesha kitu kilichopo." Baadaye kidogo akasema, "Sasa nimwambie nani?"

Kisha nikauliza daftari. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa; hata katika dakika ile nilikuwa bado nataka kitu cha kushika mkononi.

Daftari halipo. Lilikaa sandukuni tangu mzee alipokufa, na hapakuwa na wa kulisoma. Yeye alikuwa ameacha katikati, na kaka zake hawakuwahi kuanza. Kabla ya Ramadhani iliyopita alifungua sanduku asafishe, akakuta mchwa wamekula katikati yote, zimebaki pembe na jalada. Akamuuliza shehe. Karatasi zenye jina la Mungu hazitupwi jalalani wala hazifungiwi bizari. Huzikwa pasipokanyagwa, au hutiwa kwenye maji yanayokwenda. Wakayafunga mabaki katika kitambaa chake kilekile cha kijani, wakatia jiwe, wakayazamisha katika Mto Lumemo, pale karibu na daraja, wakasoma dua.

Ramadhani iliyopita. Mimi nimekuwa nikipita mbele ya duka lile kwenda misani, Jumapili baada ya Jumapili, nikiwa na miguu na ulimi.

Nikahesabu wanafunzi wengine niliowafundisha hivyo. Kwa miaka thelathini na sita, kila mwaka darasa la sita. Wengine wako mashambani hadi ng'ambo ya mto, wengine wamekufa, wengine ni walimu na wamewafundisha walimu. Nikiandika hapa sahihisho, watalisoma watu arobaini, na thelathini kati yao ni walimu wastaafu kama mimi, ambao watasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Bene tayari ameniambia ukweli: nikiiondoa ile yao, sina cha kuwaachia badala yake. Nitawaachia orodha nyingine ya kukariri.

Mvua ilipungua kabla ya magharibi. Mwanahawa alianza kuingiza ndoo na mabeseni ndani, nami nikasimama niondoke. Akanishika mkono kunivusha kwenye dimbwi la barazani, kama anavyomshika mtu yeyote mzee. Tulipofika ukingoni akasimama, bado amenishika, akainua uso.

"Nionyeshe basi, mwalimu."

Sikuelewa.

"Zohali. Iko upande gani?"

Juu yetu mawingu yalikuwa yamefunga kote, kijivu kimoja kutoka safu za Udzungwa hadi upande wa Mahenge. Nikasema leo haiwezekani, mawingu. Akakubali. Akasema atasubiri, masika hayadumu. Mawingu yakiondoka nije jioni moja, atatandika mkeka.

Nikamwambia nitakuja.

Na hapa ndipo penye kuungama kwangu, kwa sababu haya mengine yote angeweza kuyaeleza mtu mwingine. Niliyashukuru mawingu. Nilisimama pale nimeshikwa mkono na mtoto niliyemdhulumu, nikamshukuru Mungu kwa mawingu, kwa sababu sijui Zohali iko wapi. Sikuwahi kujua. Miaka thelathini na sita nilisema majina yale kila muhula, nikachora maduara, nikasahihisha, nikaadhibu, na hakuna jioni hata moja niliyotoka nje nikainua kichwa kuitafuta mojawapo. Zuhura naijua kwa kuwa mama yangu aliitumia kujua wakati wa kuinjika chungu, na hata jina aliloiita kwa Kipogoro nimelisahau. Mengine yote kwangu yalikuwa maneno. Niliyajua ngeli yake, umoja wake na wingi wake.

Aliyeweza kunyoosha kidole na kusema yule pale alikuwa mmoja katika mji huu, na alikuja ofisini kwangu kwa miguu yake.

Jibu la yule msomaji nimelituma asubuhi hii. Maneno manne: Yenye pete ni Zohali. Sikueleza zaidi.

Sasa mvua imezidi juu ya bati, nami naiombea iendelee, jambo ambalo si la haki kwa watu wenye mpunga mabondeni. Najua haitanisikiliza. Masika yataisha kama yanavyoisha kila mwaka, anga la Kilombero litafunguka, na Mwanahawa ni mtu wa kutimiza neno. Atatandika mkeka uani, palepale. Atanikalisha upande alioketi baba yake.

Nitanyoosha kidole wapi?